Sidi Hageuki Akiitwa

Diani, 9 Machi 2025

Kwa Mwalimu Rael wa masikio na matamshi, Msambweni,

Salamu nyingi kutoka kwa Mwinga, baba yake Sidi, yule mtoto wa miaka miwili na miezi mitatu uliyemvika mashine mbili za kusikia mwezi uliopita. Hatujaonana, kwa hiyo nijitambulishe mapema usije ukadhani unaandikiwa na mtu wa hivi hivi. Mimi ndimi wa baa ya bwawani katika hoteli moja hapa Diani, mwaka wa kumi na moja sasa. Shule niliiacha darasa la sita, au shule iliniacha mimi, hadi leo tunabishana. Lakini Kiitaliano nakisema mpaka Waitaliano wenyewe huniomba nipunguze mwendo. Kijerumani nasalimia kiasi na natukana vizuri.

Mke wangu Kadzo amenieleza amri yako, kwamba habari za mtoto huzipokei kwa simu, ni lazima ziandikwe, kwa sababu kwenye simu kila mzazi husema "vizuri tu" na kukata. Nimeipenda. Hiyo ni amri ya mtu anayewajua watu. Kadzo na kalamu hawapatani, kwa hiyo nitaandika mimi, na Quincy wa jikoni, anayelala huko Msambweni, atakuletea mkononi. Kadzo na mtoto wanakaa kwa mama yangu, ndani kutoka Samburu ya huku Kwale, nami huwafuata siku zangu za mapumziko, mara mbili kwa mwezi.

Sasa ripoti. Jumamosi nilifika nyumbani, nikasimama nyuma ya mtoto, nikaita Sidi. Akageuka. Nikaita tena, akageuka tena, na kicheko juu yake. Mama yangu alipiga kigelegele mpaka mbuzi wakakimbia. Mwalimu, mashine zako ni kiboko. Kwa mwendo huu, ikifika Agosti ataniagizia kinywaji kwa Kiitaliano.

Ni mimi mwenye furaha zangu,
Mwinga wa Baa ya Bwawani


Msambweni, 17 Machi 2025

Baba Sidi,

Asante kwa barua. Nimeisoma mara mbili, kwa sababu hapa kituoni nilimwita Sidi mara tisa nikiwa nyuma ya mgongo wake, na mara zote tisa hakugeuka. Kwenye fomu yake nimeandika: haitikii jina. Kwa hiyo nieleze kwa makini. Ulisimama mbali kiasi gani? Ulikanyaga kwa kishindo? Kivuli chako kilimfikia mbele? Mtoto asiyesikia hujifunza kuisoma ardhi kwa nyayo zake, na watu wazima wakadhani amesikia.

Nikwambie jambo waziwazi. Sidi amechelewa. Masikio yake yangejulikana alipokuwa mchanga, mashine angevaa kabla hajatambaa. Miaka hii mitatu ya kwanza ndiyo ubongo wa mtoto unapojifunza kuipa sauti maana. Ikipita, kazi inakuwa ngumu mara nyingi zaidi. Na mashine si zake. Ni za kuazima, na watoto kumi na wanne wanazingojea. Tarehe 13 Juni kamati yetu itampima. Wakiona hazimsaidii, atavikwa mtoto mwingine. Jambo la kwanza watakalolijaribu ni jina lake.

Sidi hataachwa bila lugha. Lugha ya ishara ni lugha kamili na nitawafundisha nyote. Lakini Kadzo aliniomba mtoto asikie sauti, na nilimwahidi kwamba tutajaribu kwa nguvu zote.

Rael


Diani, 6 Aprili 2025

Mwalimu Rael,

Umeniuliza maswali kama afisa wa mpaka kule Lungalunga, na mimi mizigo yangu yote ina karatasi.

Umbali ni hatua thelathini. Nimezihesabu mwenyewe, kutoka jikoni hadi zizini, na miguu yangu si ya mtu mfupi. Nilikwenda peku, nanyata kama mwizi wa mayai. Kivuli hakikuwepo, maana nilichagua saa sita kamili, jua liko utosini, kivuli chenyewe kimejificha chini yangu. Nikaita Sidi, tena kwa sauti ya kawaida, ile ninayomwambia mgeni kwamba barafu imekwisha. Mtoto akageuka mara moja.

Kituoni huenda ana haya. Hilo amelitoa kwa mama yake. Angelitoa kwangu, siku ya kwanza tu angekuomba soda na namba ya simu.

Basi kamati hiyo isiwe na wasiwasi. Waambie huyu ni mtoto wa Mwinga.

Wako mtiifu,
Mwinga


Msambweni, 5 Mei 2025

Baba Sidi,

Leo Kadzo amemleta mtoto na nina wasiwasi mkubwa. Nimemwita akiwa hatua mbili tu kutoka kwangu, hakugeuka hata mara moja. Mtoto aliyesikia hatua thelathini nyumbani, kisha hasikii hatua mbili hapa, ni mtoto ambaye masikio yake yanaendelea kushuka. Hutokea, na ikitokea hatungoji. Nimezipandisha nguvu mashine zake ngazi mbili. Nilimuuliza mama yake kama ulichoandika ndicho, naye hakupinga.

Akilia sana au akizing'oa, nijulishe upesi. Kamati ni wiki tano na siku chache.

Rael


Samburu, 14 Mei 2025

Mume wangu,

Sikupigii simu kwa sababu mama yako yuko hapa kando yangu kutwa, na haya si maneno ya kusemwa akisikia.

Tangu tulipotoka kwa mwalimu, mashine zimekuwa kali. Nikimvika asubuhi mtoto analia mpaka anatapika. Kifuniko cha sufuria kikianguka anajikunja chini kama aliyepigwa fimbo. Jana aliichomoa moja akaizika ndani ya unga, tukaupepeta unga wote kwa ungo mpaka ikaonekana. Leo akiniona nashika lile kopo la mashine, anakimbia. Ananikimbia mimi. Mama yako anasema tuziache, mtoto haponi kwa kuteswa.

Mwalimu aliniuliza, "Ni kweli nyumbani anageuka akiwa hatua thelathini?" Nilimtazama nikanyamaza. Ningemjibu nini? Kwamba mume wangu ni mwongo, nimwambie mtu ambaye si wa kwetu? Nilinyamaza, na yeye akaona kunyamaza kwangu ni kukubali, akaongeza nguvu za mashine.

Mwezi wa tatu ulifika ukala, ukalala, ukawachekesha watu, ukaondoka. Mwezi wa nne hukufika kabisa. Mtoto hukumjaribu hata siku moja. Ulimwandikia nini mwalimu?

Kadzo


Diani, 18 Mei 2025

Mwalimu Rael,

Leo sina utani, na nikiwa sina utani mimi mwenyewe sijitambui, kwa hiyo nivumilie.

Nimekudanganya. Hakuna hatua thelathini. Hakuna saa sita wala kunyata. Machi nilifika nyumbani nikamkuta mtoto amekaa na vile vijidude masikioni, amewapa watu mgongo anachezea vifuniko vya chupa nilivyomletea kutoka baa. Nilisimama mlangoni nikataka kumwita, nikaogopa. Mwalimu, mimi nimepigana na mlevi mwenye kisu nikamtoa nje na sinia, lakini yule mtoto nilimwogopa. Niliona nikiita asigeuke, basi. Nisipoita, bado kuna matumaini. Nikaenda kula.

Barua niliitunga hapa hapa kaunta. Nilijua unataka kusikia nini, ndiyo kazi yangu, mgeni akikaa tu najua anataka kusikia nini. Halafu uliponiandikia kwamba mashine ni za kuazima na zina wenyewe wanaozingoja, nikajiambia ripoti mbaya itamnyang'anya mtoto. Nikaipamba zaidi. Ile habari ya kivuli cha saa sita niliionea fahari, niliwasomea wenzangu jikoni wakacheka.

Sasa mke wangu ameniandikia. Kadzo, ambaye hata orodha ya sukari na chumvi huwa ananitajia nimwandikie, amekaa akaandika ukurasa mzima. Ameniambia mtoto anatapika na anamkimbia mama yake. Nimeisoma barua hiyo nyuma ya friji la bia mpaka wageni wakaanza kujimiminia wenyewe.

Usimwadhibu mtoto kwa ajili yangu. Niite mbele ya hiyo kamati niseme mimi ni mwongo, nitasema kwa lugha tatu. Niambie tu kama nimemharibu masikio. Hilo moja. Niambie kwa njia yoyote, hata kwa simu.

Mwinga


Msambweni, 20 Mei 2025

Mwinga,

Wiki mbili nzima tumempigia mtoto kelele ndani ya masikio kwa ajili ya kalamu yako. Sijui kama yameharibika. Sidhani, lakini sijui, na sitakuandikia nisichokijua ili ulale vizuri.

Kesho ninapanda Samburu mwenyewe kuzishusha. Siwezi kungoja zamu ya mwezi ujao.

Na mimi nina fungu langu. Nilimwona mama amenyamaza, nikaandika ndiyo. Ningemwuliza mara ya pili.

Kuanzia sasa ripoti zitatoka kwa Kadzo. Akiandika maneno matano, matano yatatosha. Wewe usiniandikie.

Rael


Samburu, 29 Mei 2025

Mwalimu, shikamoo.

Kalamu siijui sana, utanisamehe. Mtoto hajambo. Tangu uzishushe hatapiki. Jana alizivaa tangu chai ya asubuhi mpaka tukaanika mahindi, hakuzigusa. Lakini bado akiniona na kopo anajificha nyuma ya bibi yake.

Nina neno ambalo sijui kama ni kubwa au ni dogo. Siku uliyokuja ulikaa mkekani saa nzima ukimwita mtoto. Kila ulipoita, mama mkwe wangu aliitika kutoka ndani, "Bee." Ukamwomba radhi, mkacheka, ukaita tena, akaitika tena. Ulipokwisha kuondoka nilikuwa nachambua mboga, nikafikiri, mbona siku ile nzima aliyeitika ni mwenye jina peke yake?

Lile jina ni la mama wa mume wangu. Mtoto amerithishwa, ndiyo desturi yetu. Mimi siwezi kulitamka. Tangu niolewe sijalitamka hata nikiwa porini peke yangu. Mtoto namwita Mavyaa, kama ninavyomwita mama mkwe wangu mwenyewe. Baba yake humwita Mama, maana mtu hamwiti mama yake jina. Bibi yake humwita Somo, kwa sababu ni jina moja. Watoto wa shemeji humwita Bibi, kwa kumtania.

Siku ya kwanza kituoni uliniambia nimwite mtoto kwa jina lake kila siku, mara nyingi, nikiwa karibu na sikio. Nimefanya. Nimemwita Mavyaa mpaka koo limekauka. Nilidhani tunaelewana.

Mwalimu, mtoto huyu hajawahi kuitwa lile jina na mtu yeyote isipokuwa wewe.

Kadzo


Msambweni, 3 Juni 2025

Kadzo,

Barua yako ilinifanya nifunge mlango wa ofisi. Miezi minne nimekuwa nikimpima mtoto kwa neno ambalo kwake ni kelele tu, kama mlango unaolia. Nimetoka bara, kwetu pia watu wana majina yasiyotamkwa, na bado sikuuliza. Kosa hilo si lako.

Lakini siku zimebaki kumi. Na liko tatizo la pili. Mtoto anayesikia vizuri hata ukimwita majina manne atayakamata yote. Sidi sauti zinamfikia chache na zimefifia. Anahitaji neno moja, lile lile, kutoka kwa kila mdomo, mara mia kwa siku. Kamati watasoma jina lililo kwenye cheti cha kuzaliwa na ndilo watakaloliita. Ninajua ninachokuomba. Mwombe mama mkwe wako ruhusa ulitamke. Wote mlitamke, kuanzia leo.

Rael


Samburu, 8 Juni 2025

Mwalimu, shikamoo.

Nilimwomba. Hakukasirika. Alisema, "Litamke, mwanangu, mimi nimekupa." Nikafungua mdomo, halikutoka. Akasema tena, kwa kuniamuru. Nikajaribu tena na machozi yakatangulia. Yeye naye akalia. Mtoto alikuwa amekaa katikati yetu, anatutazama midomo, mmoja baada ya mwingine.

Baba yake alikuwepo. Ameacha kazi kwa muda amekuja. Alisema atalitamka yeye, akasimama uani, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi, akaniangalia, akamwangalia mama yake, akakaa chini.

Basi tumeafikiana nyumba nzima, ni Mavyaa. Mama mkwe wangu mwenyewe sasa anamwita mjukuu wake Mavyaa, na majirani wanatushangaa. Mume wangu anamwita Mavyaa. Tunaita tangu alfajiri. Nakuomba na wewe, na hiyo kamati, mumwite hivyo. Anayejifunza ni mtoto, nasi tunaye yeye tu.

Kadzo


Msambweni, 14 Juni 2025

Kwa Kadzo na Mwinga, na kwa bibi, Sidi mkubwa,

Jana Kadzo alitoka mbio kuwahi gari la kurudi na sikupata kumweleza yote. Nawaandikia.

Mpimaji kutoka nje aliita Sidi mara kumi. Hamkutarajia ageuke na hakugeuka. Nikaomba aite Mavyaa. Alisita, maana ni mtu mzima na hapo anamwita mama mkwe mtoto wa miaka miwili na nusu, lakini aliita. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, Sidi aliacha kutafuna kidole. Alikitoa mdomoni, akakishika hewani, akatulia. Hakugeuka. Ya nne alikuwa amekirudisha.

Wanakamati wawili walisema si kitu, watoto huacha kutafuna vidole. Mmoja alisema ule ni utulivu wa mtu anayesikiliza. Mimi sikuruhusiwa kupiga kura kwa kuwa ni mtoto wangu wa kliniki. Walibishana muda mrefu. Zile barua za Mwinga nilizisoma mbele yao, zote, na ya kukiri pia. Mmoja akauliza familia ya namna hii itaaminiwa vipi. Nikawasomea za Kadzo.

Wametoa mpaka tarehe 31 Julai. Si zaidi. Masharti ni mawili: ishara zianze sasa hivi pamoja na sauti, tusizingojee, na niletewe ripoti ya kila siku ya nani ameita, mara ngapi, na mtoto amefanya nini. Wanataka aandike baba. Nilipinga. Walisema wanataka kuona kama anaweza.

Anayefuata kwenye orodha ni mtoto wa kiume kutoka Wasini, ana mwaka mmoja. Mama yake, Warda, ndiye yule aliyekuwa amekaa nje na Kadzo kwenye benchi, wakigawana muhogo. Sikuwaambia kila mmoja kaketi na nani. Nimeona sasa mjue.

Rael


Samburu, 20 Julai 2025

Mwalimu Rael, shikamoo.

Meneja alisema nikiongeza mwezi mwingine nyumbani nafasi yangu itajazwa. Na ijazwe. Hapa hakuna anayenielewa Kiitaliano ila mbuzi, nao wanajifanya.

Ripoti ya wiki. Ninasimama nyuma yake hatua tatu, peku, kwa upande ambao kivuli hakimfikii. Mimi naita Mavyaa, Kadzo amekaa mbele yake anamtazama uso na kuniambia.

Jumatatu, niliita mara ishirini. Hakugeuka. Alikuwa anakula.

Jumanne, mara ishirini. Hakugeuka. Mama alipotwanga mahindi aligeuka, lakini hiyo ni ardhi, siihesabu.

Jumatano aliamka na homa. Hatukumvika. Nilitaka kuandika kwamba tulimvika.

Alhamisi, mara ishirini. Hakugeuka. Betri ya kushoto ilikuwa imekwisha na sikujua mpaka jioni, kwa hiyo sijui ilikuwa imezima tangu mara ya ngapi. Siku hiyo aliomba maji kwa mkono, ile ishara uliyotufundisha, akimwomba bibi yake. Bibi yake alimpa vikombe vitatu. Hilo nimeliona kwa macho yangu mawili.

Ijumaa, mara ishirini. Hakugeuka. Ya kumi na tano nilipandisha sauti, Kadzo akanikataza. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa kidogo. Kadzo alinifuata, akasema yule mama wa Wasini anahesabu siku hizi hizi kama sisi, kwa upande mwingine. Nikarudi nikamalizia tano zilizobaki.

Jumamosi, niliita mara ishirini. Ya saba aligeuza kichwa upande wangu, akaniangalia. Wakati huo huo kuku alikuwa anapita upande huo. Kadzo anaapa kwamba mtoto aligeuka kabla ya kuku. Mama anasema hakukuwa na kuku kabisa. Mimi nilimwona kuku, na nilimwona mtoto, na sikuona kipi kilitangulia. Wote wawili wamenisimamia hapa nikiandika, wananiomba niandike ndiyo.

Nimeandika labda.

Mwinga